Maswali ya Wasomaji: Neva, Ganzi na Mguu Usiotii

Barua za safari hii zimekuja na malalamiko ya kila aina: malengelenge kifuani, vidole vinavyowasha usiku, mtoto anayeburuza mguu, kidonda kisichouma. Nimeziweka pamoja makusudi. Zote zinahusu mtandao mmoja, yaani ubongo, uti wa mgongo na neva zinazotoka humo kwenda kila pembe ya mwili. Na karibu wote mlioandika mmefanya jambo lilelile: mmeangalia pale panapouma au palipokufa ganzi, mkapasugua, mkapakanda, basi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Morogoro ni kuifuata neva kurudi nyuma mpaka nipate mahali ilipobanwa, ilipojeruhiwa au ilipougua. Mara nyingi ni mbali na pale mgonjwa anapoonyesha kwa kidole.

Shikamoo mama. Niko kidato cha nne. Tumefundishwa kwamba ujumbe kwenye neva ni umeme. Kama ni umeme, mbona hatupigwi shoti? Na je, unakwenda kasi kama umeme wa kwenye waya?
*Mwanafunzi, Tabora*

Marahaba mwanangu. Swali lako la pili liliwahi kuwashinda wakubwa. Johannes Müller, mwalimu maarufu wa Berlin, aliamini kasi hiyo haitapimika kamwe. Mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, akaipima mwaka 1850. Alichukua msuli wa mguu wa chura ukiwa bado na neva yake, akaishtua neva karibu na msuli, kisha akaishtua mbali na msuli, akalinganisha muda ambao msuli ulichukua kukaza. Alipata takriban meta 27 kwa sekunde. Gari la abiria kwenye barabara nzuri halipitwi sana na kasi hiyo. Umeme wa kwenye waya uko mbali kabisa.

Sababu ni kwamba kwenye neva hakuna kitu kinachotiririka kutoka mwanzo hadi mwisho. Seli ya neva ina mwili mdogo usioonekana kwa macho, na mkia mwembamba ambao unaweza kuwa mrefu ajabu: seli zinazoanzia kiunoni na kuishia kidole gumba cha mguu zina mikia inayokaribia meta moja kwa mtu mzima. Mkia ukiwa umetulia, ndani yake kuna chaji hasi, kiasi cha milivolti 70 ukilinganisha na nje. Betri moja ya tochi ina milivolti 1,500, kwa hiyo utaona mwenyewe kwa nini hupigwi shoti. Neva ikiguswa, vilango vidogo kwenye ukuta wake hufunguka, chembe za sodiamu zilizo nje huingia, chaji ya mahali pale hugeuka. Mara potasiamu hutoka na mambo hurudi yalivyokuwa. Yote hayo ni kazi ya milisekunde moja hivi. Lakini mgeuko huo umeshafungua vilango vya jirani, na vya jirani vikafungua vya mbele yake.

Umewahi kuwaona vibarua wanaopandisha matofali ghorofani kwa kupokezana? Kila mtu amesimama mahali pake, tofali ndilo linalosafiri. Ndivyo ilivyo. Na matofali yote yana ukubwa mmoja: mguso mwepesi na mguso mkali hutuma ujumbe wa namna ileile, ila mguso mkali hutuma mwingi zaidi kwa sekunde. Sasa, neva nyingine zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, yenye mapengo kila baada ya milimita moja au chini ya hapo. Kwenye neva hizo vilango vimekusanyika mapengoni tu, na ujumbe huruka kutoka pengo hadi pengo. Vibarua wamesimama mbalimbali, wanarushiana. Neva yenye ala nene hufikisha hadi meta 120 kwa sekunde. Isiyo na ala hujikokota kwa meta moja hivi, pengine chini ya hapo.

Hili unaweza kulipima bila maabara. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye tendegu la kitanda, kwanza unajua umegonga, halafu yanakuja maumivu makali ya haraka, na baada ya kama sekunde moja ndiyo yanafika yale mazito ya kukunja uso. Jeraha ni moja, lakini neva zilizobeba habari ni tofauti, na zile zisizo na ala zimechelewa njiani. Walioeleza hesabu za vilango hivyo ni Alan Hodgkin na Andrew Huxley, mwaka 1952, wakitumia neva nene ya ngisi.

Kwa mtihani wako, kumbuka mgawanyo huu. Ubongo na uti wa mgongo ndio mfumo wa kati. Kutoka kwenye ubongo hutoka jozi 12 za neva, kutoka kwenye uti wa mgongo jozi 31, na hizo ndizo mfumo wa pembeni. Humo ndani kuna neva zinazoleta habari, neva zinazopeleka amri kwenye misuli, na neva zinazoendesha moyo, tumbo, jasho na kibofu bila kusubiri utake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningependa ulijue, kwa sababu linawahusu huko kwenu mnakolima tumbaku. Neva haigusani na msuli. Kati yao kuna mwanya mdogo mno, na ujumbe huuvuka kwa kemikali. Otto Loewi alilionyesha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura. Aliishtua neva ya moyo wa kwanza, moyo ukapunguza mapigo. Akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akayaweka kwenye moyo wa pili ambao haukuguswa na chochote, nao ukapunguza mapigo. Kemikali hiyo ni asetilikolini, na ndiyo hiyo hiyo inayoamrisha misuli yako ikaze. Nikotini ya tumbaku hukaa kwenye baadhi ya vipokezi vyake, yaani vituo vya kwenye seli vinavyoipokea. Kwa hiyo mvunaji anayeshika majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande, bila glavu, nikotini hupenya ngozini. Anaanza kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, na watu wanasema ni malaria. Baadhi ya dawa za kuua wadudu shambani ni hatari zaidi, maana huzuia asetilikolini isivunjwevunjwe ikishamaliza kazi. Mtu anatoka jasho na mate, mboni za macho zinakuwa ndogo, misuli inachezacheza. Mvueni nguo, mumwoshe kwa maji mengi na sabuni huku nanyi mmejikinga mikono, mumkimbize hospitali na kopo la dawa mkononi.

Dada, salaam. Mama yangu ana miaka 68. Alianza kuungua upande wa kulia wa kifua, chini ya titi, tukadhani ni moyo. Siku ya nne, ambayo ni jana, yakatoka malengelenge, yamejipanga kutoka mgongoni hadi mbele. Jirani anasema ni mkanda wa jeshi, na ukizunguka ukakutana mama atafariki. Ametuletea mtu wa kumpaka dawa ya majani.
*Binti, Lindi*

Jirani amepatia ugonjwa. Hilo la kukutana liondoe moyoni, na mtu wa majani mshukuru aende zake. Malengelenge yakipasuka yanakuwa vidonda wazi, na kinachopakwa humo kinaweza kuingiza uchafu.

Mwangalie mama kwa karibu. Mbele, malengelenge yanakoma katikati ya kifua. Nyuma, yanakoma kwenye pingili. Hayavuki, kwa sababu kila neva ya uti wa mgongo ina jozi yake, moja ya kulia na moja ya kushoto, na kila moja huhudumia ukanda wa ngozi wa upande wake tu. Neva za kifua hufuata mbavu, zikianzia mgongoni na kuja mbele. Chuchu iko kwenye ukanda wa neva ya nne ya kifua, kitovu kwenye ukanda wa neva ya kumi. Ya mama ni mojawapo ya zile zilizo katikati ya hizo mbili.

Mama aliugua tetekuwanga zamani, pengine hata hakumbuki. Alipopona, virusi hawakutoka wote. Walibaki wamelala kwenye kifundo kidogo cha seli za hisia kilicho kando ya uti wa mgongo. Kinga ikipungua, kwa umri au kwa ugonjwa, huamka katika kifundo kimoja na kushuka na neva yake mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana maumivu yalitangulia siku kadhaa kabla ya malengelenge: neva ilikuwa imeshawaka. Madaktari wawili waliofanya kazi Uingereza, Henry Head na A. W. Campbell, walichunguza miili ya watu waliofariki wakiwa wamewahi kuugua mkanda huu, wakakuta kifundo husika kimeharibika, na mwaka 1900 wakatoa ramani ya kanda za ngozi. Mafunzo yetu ya leo yanadaiwa mengi na ramani hiyo, na msingi wake ni wagonjwa kama mama yako.

Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho. Kuna dawa ya virusi hao, asiklovia, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Waulizeni pia dawa ya maumivu ya neva, maana panadoli peke yake mara nyingi haitoshi, na kwa wazee maumivu yanaweza kubaki miezi hata ngozi ikishapona. Vidonda vifunikwe kwa kitambaa safi. Wajawazito na watoto wachanga wakae mbali mpaka vikauke, kwa kuwa majimaji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Mkanda ukitokea kwenye paji la uso au pua, jicho liko hatarini, na hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kwa wasomaji wengine: kijana akipata mkanda wa jeshi, apime VVU. Simtuhumu mtu. Ni kwamba kinga iliyoshuka ndiyo inayofungua mlango, na kujua mapema kunampa mtu nafasi ya kuanza dawa na kuishi maisha marefu.

Bi daktari, mwanangu wa miaka minne alipata homa, akachomwa sindano ya tako kwenye duka la dawa la mtaani. Alipiga kelele akasema mguu unawaka moto. Tangu siku hiyo, wiki tatu sasa, anaburuza vidole akitembea. Wengine wanasema ni polio, wengine wanasema amerogwa. Mguu wenyewe hauna hata alama.
*Mama, Mwanza*

Mama, pole sana. Watoto wa namna hii nawapokea kila mwaka, na kila mara linaniuma, kwa sababu homa nyingi za watoto hazikuhitaji sindano kabisa.

Nitakueleza kilichopo chini ya ngozi ya tako. Neva kadhaa za kiunoni na za chini yake huungana kuwa neva moja, nene kuliko zote mwilini, inayokaribia unene wa kidole gumba cha mtu mzima. Inatoka kwenye nyonga, inapita tako upande wa ndani na wa chini, inashuka nyuma ya paja. Karibu na goti inagawanyika. Tawi moja linakwenda nyuma ya muundi na kuuamrisha mguu ukanyage. Tawi la pili linazunguka nje ya goti, na kazi yake ni kunyanyua wayo na vidole. Papasa goti lako mwenyewe upande wa nje, chini kidogo, utakuta kinundu cha mfupa. Tawi hilo linapita hapo, karibu sana na ngozi. Sasa, ingawa yamefungwa pamoja, matawi hayo mawili yameshajitenga tangu kwenye tako, na lile la kunyanyua wayo ndilo linaloumia kwa urahisi zaidi. Kwa mtoto mdogo tako halina nyama ya kutosha. Sindano ikikosea kidogo inafika kwenye neva, na dawa yenyewe inaiunguza. Ule moto alioulilia mwanao ulishuka mguuni, lakini jeraha liko juu, takoni.

Fanya hivi leo. Mkalishe kitandani miguu ikining'inia. Mwambie avute vidole kuelekea usoni kwake. Kisha weka kiganja chako chini ya wayo, mwambie akusukume. Akishindwa la kwanza na kuweza la pili, tawi la kunyanyua ndilo lenye shida. Halafu mfumbe macho, umguse kwa pamba juu ya wayo, na hasa kwenye uwazi kati ya kidole gumba na kinachofuata. Kama hajui umemgusa, hilo ni jambo kubwa la kumweleza daktari, maana polio haiondoi hisia. Virusi vya polio hushambulia seli za amri zilizo upande wa mbele wa uti wa mgongo. Mguu unalegea, lakini mtoto anasikia pamba.

Hata hivyo usiamue peke yako. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla anapaswa kuripotiwa na kuchukuliwa sampuli mbili za choo, hata kama sababu inaonekana wazi. Ukiambiwa ulete choo cha mtoto, usikasirike wala usiogope. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, eleza tarehe ya sindano, na umwombe daktari akuandikie kwenda fiziotherapia.

Neva ikiharibika ndani lakini mfuko wake wa nje ukabaki mzima, mikia ya seli huota upya kutoka juu kwenda chini. Inaota kwa takriban milimita moja kwa siku. Pima kwa utepe wa fundi nguo kutoka takoni kwake hadi misuli iliyo mbele ya muundi. Tuseme ni sentimita 25. Hiyo ni miezi minane au tisa kabla amri haijafika tena. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa na kuanza kuzunguka kwa waganga, kumbe neva iko njiani. Henry Head niliyemtaja hapo juu alitaka kujua hisia hurudi vipi, akakubali mwaka 1903 akatwe neva ya mkono wake mwenyewe na kuunganishwa. Rafiki yake W. H. R. Rivers akawa anampima kwa miaka minne. Hisia hazikurudi zote kwa mara moja. Kuna zilizotangulia na kuna zilizochelewa sana.

Kazi yako katika miezi hiyo ni kulinda kiungo kisikakamae. Kano ya kisigino hujikunja haraka kwa mtoto asiyenyanyua wayo, na ikishakaza, hata neva ikirudi mguu hautakaa sawa. Mlaze chali, goti limenyooka. Shika kisigino chake kwenye kiganja chako, wayo ulale kwenye sehemu ya ndani ya mkono wako, kisha egemea mbele taratibu mpaka wayo uelekee usoni kwake. Shikilia huku ukihesabu hadi thelathini, achia, rudia mara kadhaa, asubuhi na jioni. Asilie, akilia umezidisha. Kwenye karakana ya viungo bandia watamtengenezea kifaa chepesi cha plastiki cha kuushikilia wayo akitembea. Asitembee pekupeku, kwa kuwa akikanyaga mwiba huenda asijue. Usimkande kwa maji ya moto wala kumpaka dawa zinazochoma kwenye ngozi isiyosikia. Nimeona watoto waliounguzwa hivyo na mikono iliyowapenda.

Kila mwezi gonga kwa ncha ya kidole kando ya njia ya neva, kuanzia takoni kushuka. Mahali anaposema panatekenya mpaka mguuni ndipo mikia ilipofika. Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann walieleza dalili hiyo mwaka uleule wa 1915, kila mmoja kwao, nchi zao zikiwa vitani. Mahali hapo pakishuka mwezi hadi mwezi, tuna matumaini ya kweli. Pasiposhuka kabisa kwa miezi mitatu, mwambie daktari akuandikie rufaa kwa mpasuaji anayeshughulika na neva, usikubali kuambiwa ungoje tu.

Na siku nyingine mtoto akiandikiwa sindano, uliza kama kuna dawa ya maji au ya vidonge. Ikibidi sindano, kwa mtoto mdogo ni paja, upande wa nje, na ichomwe na mtu aliyesomea.

Salaam aleikum. Mimi ni msusi, nasuka tangu asubuhi hadi usiku. Mkono wa kulia unakufa ganzi nikilala, naamka naukung'uta ndipo upate nafuu. Nimeshapaka kila dawa ya misuli.
*Msusi, Mombasa*

Waaleikum salaam. Naomba unijibu ganzi iko vidole gani. Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, neva yako inabanwa kwenye kifundo cha mkono, ambako inapita kwenye njia nyembamba pamoja na kano tisa za kukunja vidole. Kusuka kunazichosha kano hizo, zinavimba, na neva ndiyo inayokosa nafasi. Kama ni kidole kidogo na nusu ya pili ya cha pete, hiyo ni neva nyingine inayozunguka nyuma ya kiwiko, ileile inayokushtua ukijigonga kiwiko. Na ganzi ikianzia shingoni au begani, tunaanza kuchunguza shingo.

Ikiwa ni ya kwanza, kunja vifundo vyote viwili, migongo ya viganja ikigusana, ukae hivyo dakika moja. Vidole vikianza kuwasha, tumekaribia jibu. Usiku vaa bandeji yenye kibao inayoweka kifundo kimenyooka, maana usingizini watu hukikunja bila kujua. Pima sukari na, kama siku zimepita, pima mimba. Ukiona nyama ya chini ya kidole gumba inapungua, au sindano ya kushonea nywele inakudondoka, dawa za kupaka zimeshapitwa na wakati. Muone daktari, kuna upasuaji mdogo wa kuifungulia neva nafasi.

Baba amepata kiharusi. Amepooza upande wa kushoto, lakini daktari anasema tatizo liko upande wa kulia wa ubongo. Je, amekosea?
*Kijana, Iringa*

Hajakosea. Sehemu kubwa ya neva za amri zinavuka upande chini ya ubongo, kabla ya kuingia kwenye uti wa mgongo. Mguu wa baba haujaharibika hata kidogo. Amri ndiyo haitoki. Kwa sababu hiyo tunamfanyisha mazoezi mapema, tukiulazimisha ubongo utumie sehemu zilizobaki nzima. Mumgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda, msimvute kwa mkono uliopooza mnapomnyanyua, na msimlishe mpaka muuguzi ahakikishe anameza vizuri.

Nilikuwa dereva wa malori, sasa nimestaafu. Nina kisukari. Miguu ilikuwa ikiniunguza usiku, lakini mwaka huu imeacha, nashukuru. Juzi nimevua kiatu nikakuta soksi ina damu, msumari ulikuwa umepenya soli. Sikusikia chochote. Je, neva zimepona?
*Mzee, Dodoma*

Mzee wangu, shikamoo. Hapana, hazijapona. Uliposikia moto, neva zilikuwa zinaumia lakini bado ziko hai. Kunyamaza kwake baada ya hapo ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi.

Kabla ya yote, msumari. Kama hujaenda kusafishwa kidonda na kuchomwa sindano ya pepopunda, nenda ukimaliza kusoma mstari huu. Sumu ya pepopunda husafiri ndani ya neva zenyewe kutoka kwenye jeraha hadi uti wa mgongo, na huko inazizima seli zinazozuia misuli isikaze ovyo. Taya linafunga, mgongo unapinda. Chanjo ni rahisi, matibabu ya ugonjwa wenyewe ni magumu mno.

Sukari ikizidi kwa miaka, huharibu neva na vishipa vya damu vinavyozilisha. Zinazotangulia kufa ni ndefu kuliko zote, ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu, hupanda polepole, na ikifika karibu na goti ndipo vidole vya mikono huanza. Inakuja miguu yote miwili. Ganzi ya mguu mmoja tu inanifanya nitafute kitu kingine. Hata zile neva zinazojiendesha huathirika. Miguu inaacha kutoa jasho, ngozi inakauka na kupasuka visigino. Ukisimama haraka unaona giza. Na moyo unaweza kupata shambulio bila maumivu ya kifua, kwa hiyo ukichoka ghafla au kukosa pumzi bila sababu, usipuuze.

Kliniki waombe wakupime kwa uzi wa nailoni, ule unaopinda ukisukumwa kwa uzito wa gramu 10. Utafumba macho, watakugusa sehemu mbalimbali za wayo, nawe utasema ndiyo kila ukisikia. Mahali usiposema kitu wataweka alama.

Nyumbani, kagua nyayo kila jioni kwenye mwanga, na kati ya vidole. Usipoweza kujikunja, weka kioo sakafuni au mwombe mjukuu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa na uingize mkono ndani upapase. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Sugu usizikate kwa wembe, wala miguu usiipashe moto kwenye jiko la mkaa hata baridi ya Julai ikizidi.

Niongeze neno kwa wasioumwa kisukari: baka la ngozi lililofifia rangi, lisilowasha na lisilosikia pamba wala moto, lisipakwe dawa ya fangasi miezi na miezi. Linaweza kuwa ukoma. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Gerhard Hansen wa Norwei mwaka 1873, hukaa ndani ya seli zinazoifunika neva, na hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Dawa ni bure, matibabu ni miezi 6 au 12, na anayeanza mapema hapotezi kidole.

Nawe mzee, siku ya kliniki vaa viatu unavyovaa kila siku, usivae vipya, na kile chenye tundu la msumari uje nacho. Anayekupima anahitaji kuona soli imelika wapi.